Kitanzi cha pambo la Krismasi kinang'oka

SWALI: Natengeneza mapambo ya vioo vya rangi ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, kila familia na jina lake. Kitanzi cha kutundikia hung'oka pamoja na utepe wa shaba ninaoubandika kwenye ukingo wa kioo. Nakosea wapi?

JIBU: Umekilehemu kwenye ukingo mtupu. Pale utepe umeshikwa na gundi tu, na joto la pasi ya kulehemu hulegeza gundi hiyo. Chomeka miguu ya kitanzi kwenye mshono wa vioo viwili, izame kama sentimita 1, ndipo ujaze lehemu. Pambo la kioo kimoja lizungushie waya wa shaba ukingo mzima, ncha zisokotwe juu ziwe kitanzi.

Kioo cha milimita 3 kinatosheka na utepe wa milimita 5.5. Osha kwanza mafuta ya kukatia kioo. Utepe haushiki kwenye mafuta (wengi huruka hatua hii). Jina lichongwe kabla ya utepe, kwa ncha ya almasi, kioo kikiwa kimelowa. Kikavu hupata joto na kupasuka.

Kama nyumba ina watoto, tumia lehemu isiyo na madini ya risasi.