Mkuu, hiyo kadi usiiweke

Mkuu hiyo kadi usiiweke. Umeuliza gemu gani ya bure ya shamba ni nzuri kucheza na dada yako aliyeko Muscat, inakula MB kiasi gani, na kama kuna ubaya kuunganisha kadi ya benki ili upate kile kifurushi cha kuanzia cha dola 1. Ya gemu gani na MB niyaache, nikujibu la kadi, maana ndiyo iliyokula ada ya mwanangu.

Sikatai haya magemu yana raha. Enzi za FarmVille, ile gemu ya shamba pale Facebook, kuanzia 2009, ndugu waliopotezana miaka walikuwa wanakutana mle, binamu yuko Doha anaingia shambani kwako anakuwekea mbolea, na wewe unamtumia zawadi, mwisho mnachati mpaka habari za msiba wa nyumbani. Stroberi zilikuwa zinaiva ndani ya saa 4 tu, ukichelewa zinanyauka, kuna watu walikuwa wanaamka usiku wa manane kuvuna. Utamu wake ni watu, na ndipo wanapokukamatia hapohapo, unarudi kwa sababu unaona haya kumwangusha mwenzio.

Sasa mimi niliingia kwenye hizi za vikundi vya vita. Nikanunua kifurushi kama hicho hicho chako, hela ya soda mbili tatu, hainiumi. Kadi ikabaki mle. Kuanzia hapo kununua ni kugusa tu, haiulizi PIN wala nini, halafu shilingi huioni kabisa, kila kitu kimeandikwa kwa almasi, hela ya mle ndani ya gemu. Pakiti ina almasi 500, ngao unayoitaka ni 600, kwa hiyo unachukua pakiti mbili, zinabaki 400, unatafuta cha kununua nazo, unakuta kinazidi kidogo, unaongeza nyingine, na juu ya kioo saa inarudi nyuma eti ofa inaisha, na huku kwenye grupu la WhatsApp wanakuita jina uko wapi tunapigwa.

Na aliyekuwa anaita zaidi ya wote ni kiongozi wetu, jemadari wa vidole yule, maneno matamu kama mshenga. "Weka kadi mkuu haina shida, mimi mwaka mzima naitumia." "Leo tukianguka ni wewe." Kila usiku! Mtu mzima anajua kabisa wenzake wana familia anawakamua ili jina lake likae juu kwenye orodha. Siku naenda kulipa ada ya muhula nakuta salio halifiki hata nusu, vipande vidogo vidogo vya dola 5, dola 10, ukurasa mzima. Nikamwandikia, tiki mbili za bluu, kimya. Kesho yake kanitoa kwenye kikundi, sababu sijachangia vita. Mtu wa hivyo hata mkikutana msibani usimpe mkono.

Benki nao wakanijibu muamala umeidhinishwa na mwenye kadi, basi.

Na usifikiri ni shida ya wasiojua simu. Desemba 2022 Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, ambayo nayo ni ya bure, walikubaliana na FTC, chombo cha serikali ya Marekani cha kulinda wateja, watoe dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji. Moja ya tuhuma ni kwamba kadi ilikuwa inahifadhiwa yenyewe, mpaka 2018 watoto wananunua kwa kubonyeza vitufe bila mzazi kuulizwa, na waliopinga makato benki wakafungiwa akaunti. Hao wana chombo cha kuwasemea, wewe utamlilia nani?

Halafu unachonunua si chako. FarmVille ilifungwa 31 Desemba 2020, Facebook walikuwa wanaachana na Flash, ile programu ya kuendeshea magemu ya mtandaoni, na gemu ilitegemea hiyo, mashamba ya watu na hela walizomwaga vikaenda pamoja.

Gemu ya bure chezeni bure mpaka mwisho, mazao yakitaka saa 8 subirini mkalale, na simu yenye gemu isiwe na kadi. Akikutokea mtu wa grupu anakwambia weka tu, mblock hapohapo. Kama umeshaiweka, fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia sehemu ya malipo, tafuta njia za kulipa uiondoe, na uwashe ile ya kuulizwa nywila kila unaponunua. Fanya sasa hivi kabla hujaifungua hiyo gemu, na dada yako naye mwambie afanye hivyo kwenye simu yake.