Ombi likirudishwa, hati ikumbuke

SWALI: Shikamoo. Ninashughulikia TEHAMA katika chuo cha ufundi mkoani Morogoro. Maombi ya manunuzi nimeyaweka kwenye hati za XML, yaani maandishi ambayo kila sehemu yake imefungwa kwa alama zenye jina: mkuu wa idara anaandika, linakwenda kwa afisa ugavi, kwa mhasibu, hadi kwa mkuu wa chuo. Kila ombi lina atributi (sifa inayoandikwa ndani ya alama) ya hali inayobadilika njiani, pamoja na elementi (sehemu zenye jina) za idhini_ugavi, idhini_mhasibu na idhini_mkuu. Ombi moja la mashine ya kuchomelea lilirudishwa mara mbili kwa ajili ya bei, baadaye likapita. Mkaguzi akauliza nani alilirudisha na kwa nini; mfumo ukaonyesha "limepitishwa" basi. Sasa uongozi unataka mkaguzi wa ndani naye aingie kwenye mzunguko, na nikigusa skima, yaani kanuni za muundo wa hati, hati za zamani zinakataliwa. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi kabla ya kuandika programu nilikaa masijala, na swali lako linajibiwa na jalada lililo mezani kwa katibu muhtasi wenu. Lifungue. Kulia kuna barua na viambatisho, kila kimoja na namba yake ya folio. Kushoto kuna karatasi za madokezo. Mhasibu akikataa, hafuti alichoandika afisa ugavi; anaandika lake chini yake, anasaini, anatia tarehe, anaelekeza jalada liende kwa nani. Hati yako ina upande wa kulia peke yake, na kile kidogo cha kushoto unakiandika na kukifuta kila mara.

Itenge hivi:

```
<ombi namba="0147" njia="manunuzi-2">
  <yaliyomo toleo="1" id="t1"> ... </yaliyomo>
  <yaliyomo toleo="2" id="t2"> ... </yaliyomo>
  <mwenendo>
    <hatua id="h3" toleo="1" mtumishi="M062"
           wadhifa="mhasibu" uamuzi="lirudishwe"
           tarehe="2025-03-11T09:40:00+03:00">
      <dokezo>Bei haifanani na ankara kifani.</dokezo>
    </hatua>
  </mwenendo>
</ombi>
```

Kila anayelishika ombi anaongeza hatua yake mwishoni, na hakuna ruhusa ya kugusa hatua ya mwenzake. Bei ikirekebishwa, yaliyomo yanapata toleo jipya na la kwanza linabaki. Kila hatua inataja toleo ambalo mhusika alilisoma, maana mhasibu aliyekataa bei ya kwanza hajasema neno lolote kuhusu bei ya pili. Ile atributi ya hali iondoe kabisa. Hali ya ombi inasomwa kwenye hatua ya mwisho, na XPath, lugha ya kutafuta sehemu ndani ya XML, inakupa kwa mstari mmoja: mwenendo/hatua[last()]/@uamuzi.

Umeona nimeweka mtumishi na wadhifa kando kando? Siku mhasibu akiwa likizo, kuna anayekaimu. Njia ya ombi inafuata wadhifa, lakini mkaguzi anamtaka mtu. Hili halikubuniwa na mimi. Akoma Ntoso, muundo wa XML wa hati za mabunge na sheria uliozaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika na kupitishwa na OASIS, shirika la viwango, kuwa kiwango mwaka 2018, una sehemu maalumu ya mtiririko wa kazi. Humo kila hatua inaweza kubeba tarehe, aliyeitenda, kwa wadhifa gani, na matokeo yake. Usome hata kama hutautumia. Waliounda wamefikiria sana maisha ya hati.

Sasa mkaguzi wa ndani. Skima yako inavunjika kwa sababu umeyafanya majina ya vyeo kuwa elementi. Skima ijue kuna "hatua" tu, ziwe tatu au kumi. Nani amfuate nani, hilo ni kazi ya faili jingine la njia, na ombi litaje tu jina la njia linayofuata. Mkaguzi anaingia kwenye njia mpya, manunuzi-2. Maombi yaliyoanza na manunuzi-1 yanamalizia humo humo. Faili la njia unaweza kulichora kwa BPMN 2.0, kiwango cha kuchora mtiririko wa kazi, ambayo nayo huhifadhiwa kama XML, ingawa kwa vituo vitano naona ni mzigo. Jedwali fupi la "akitoka huyu na uamuzi huu, aende kwa yule" linatosha. Hati za zamani zigeuze kwa XSLT, lugha ya kubadilisha muundo wa XML, uzitunze na za asili. Pale ambapo aliyerudisha hakuandikwa, acha wazi. Usimbunie mtu dokezo.

Mtakapofikia saini za kidijitali, kuweni waangalifu. Ukisaini hati nzima, hatua inayofuata ikiongezwa tu, saini ya nyuma inaonekana batili. Kiwango cha saini za XML cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, kinaruhusu kusaini vipande kwa vitambulisho vyao. Mhasibu asaini t1 na hatua zilizomtangulia pamoja na yake. Hapo kitakachoongezwa baadaye hakimgusi, na kitakachochezewa nyuma kitajulikana.

Na saa: karani akiona kisanduku kitupu ataandika 3:40 akimaanisha saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Seva ndiyo iweke muda.

SWALI: Vijana ofisini wananiambia XML imepitwa na wakati, nitumie JSON. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kama unapitisha namba na majina mafupi kati ya programu mbili, wasikilize, ndugu yangu; JSON, muundo wa kuandika data kwa jozi za jina na thamani, ni nyepesi. Lakini kama hati ina aya ndefu zenye vifungu ndani ya sentensi, ikahitaji kusainiwa kipande kwa kipande na kusomeka miaka mingi ijayo, baki na XML. Toleo lake la kwanza lilipendekezwa na W3C Februari 1998, na hati iliyoandikwa sawasawa wakati ule inafunguka leo bila taabu. Waulize hao vijana ombi likirudishwa, dokezo wameliweka wapi. Wakiwa na jibu zuri, muundo wowote utakufaa.