Kazi 200, mbegu moja

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza digrii ya fizikia aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kufanya uigaji wa vigunduzi vya chembe kwenye kompyuta kama wewe. Nianzie wapi?" Nilianza kumwandikia orodha ya vitabu, nikaifuta. Bora nimsimulie nilivyoumbuka.

Mwaka wa pili wa uzamivu, huko ng'ambo, nilipewa niige kalorimita, kifaa cha kupima nishati ya chembe: mabamba ya metali ya risasi yamepishana na plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita. Elektroni ikiingia kwenye risasi hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, fotoni huzaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nazo hutoa fotoni nyingine, hadi chembe moja inakuwa manyunyu. Kwenye risasi mchezo huo hujirudia kila milimita 5.6 hivi. Kwa kalamu huyawezi. Unaiachia programu ya Geant4 irushe kete kila hatua. Ila kete zake si za bahati kweli: zinatokana na namba ya kuanzia, tunayoiita mbegu. Mbegu ileile, kete zilezile.

Nililijua hilo. Nililifundisha hata, kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza, tena kwa mbwembwe.

Ijumaa jioni nikatuma kazi 200 kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, kila kazi na elektroni 5,000 za GeV 20 (GeV ni kipimo cha nishati), nikaenda kulala nikijiona tajiri wa elektroni milioni moja. Jumatatu histogramu, mchoro unaohesabu elektroni ngapi ziliacha nishati kiasi gani, ikaja na vinundu viwili kileleni, na mistari ya makosa, inayoonyesha hesabu inaweza kupotoka kiasi gani, ilikuwa mifupi ajabu. Kinundu cha pili sikukosa cha kukisemea: nishati inavuja nyuma ya bamba la mwisho. Nikachora na mchoro wa rangi.

Kikaoni, dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mmoja wa wale niliowafundisha, akanyoosha mkono. "Samahani kaka, mbona namba zako zote zinaishia na sifuri mbili?"

Nikageukia skrini. 61,400. 58,200. 60,800. Mwisho kabisa wa mkia, 200 peke yake.

Sikuweka mbegu kwenye faili la kutuma kazi, na programu hiyo usipoipa mbegu huanza na ileile kila siku. Kazi 200 zilikuwa zimenakili kazi moja, tarakimu kwa tarakimu. Milioni yangu ilikuwa elektroni 5,000 tu. Makosa niliyapunguza mara 14 bila haki yoyote, na vinundu vilikuwa bahati ya kete.

Msimamizi wangu hakufoka. Alimtazama yule dada akasema, "Angalau tunaye mtu anayesoma namba." Afadhali angefoka. Ni miaka tisa sasa, na bado linaniuma.

Sasa mdogo wangu, sikiliza. Kila kazi ipe mbegu yake, na mbegu hiyo iandikwe ndani ya faili la matokeo. Kabla ya kutuma 200 tuma mbili, uzilinganishe. Chapa namba zenyewe, usiridhike na picha. Na mbegu, narudia, angalia mbegu.

Usidhani ni wanafunzi tu wanaoteleza. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba neutrino, chembe nyepesi mno, zilizotoka CERN, maabara ya chembe huko Uswisi, zilifika maabara ya Gran Sasso, Italia, nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Baadaye ikaonekana kebo ya nyuzi za mwanga kwenye mfumo wao wa kupima muda haikukazwa sawasawa. Lakini wao waliwaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Mimi nilikuja na mchoro wa rangi.

Na hili nalisema kwa upendo: mnaulizia CERN kabla hamjarusha elektroni hata moja kwenye kompyuta zenu. Geant4 ni ya bure. Ndani yake kuna mifano. Mmoja, uitwao B4, ni kalorimita ya risasi na agoni (gesi) iliyofanywa kimiminika, na laptopu ya kawaida inaumudu. African School of Physics nayo huzunguka barani, mwaka 2016 ilikuwa Kigali, hapo jirani. Omba. Ukikataliwa, omba tena. Sisi tuliomba mara ngapi!

Kazi zile nilizirudia wiki hiyohiyo, kila moja na mbegu yake. Kilele kikatoka kimoja, laini, hakina hadithi yoyote.

Ukikwama kwenye B4 niandikie, kijana. Ila usinitumie picha. Nitumie namba.