Kabla ya kufunga kopo la filta ya oili la mtindo wa zamani

Gari langu ni nakala ya AC Cobra, gari la spoti la mwaka 1962 lililopatikana pale Carroll Shelby wa Marekani alipotia injini ya V8 ya Ford katika gari jepesi la AC Cars ya Uingereza. Nilitaka hata chini ya boneti lionekane la enzi zile, kwa hiyo niliondoa filta ya kisasa na kufunga kopo la chuma lenye boliti ndefu katikati, ambalo ndani yake hubadilishwa filta ya karatasi peke yake. Sijutii, ila siku ya kwanza kuwasha injini lita kadhaa za oili zilimwagika sakafuni kabla sijawahi kuizima.

Chanzo kilikuwa sili. Mdomo wa kopo huingia katika mfereji mwembamba uliochongwa kwenye kichwa cha filta, na sili ya mpira hulala ndani kabisa ya mfereji huo. Ikizeeka huwa nyeusi, bapa na ngumu, kiasi kwamba unaweza kuapa kuwa ni chuma, nami nilikuwa nimeweka sili mpya juu ya kuukuu. Siku hizi namulika taa, napitisha ncha ya waya wa shaba katika mfereji wote mpaka nihakikishe inagusa chuma kila mahali, kisha naupangusa na kuipaka sili mpya oili safi.

Hatari iliyojificha zaidi imo ndani ya kopo. Springi, washa (pete bapa) na kisahani kinachobeba filta vina mpangilio wake kwenye boliti, na washa laini ikikosekana, oili hupenya kandokando ya boliti bila kuchujwa, wala hutaona tone nje wala geji ya presha ya oili haitakuonya. Nakusihi upige picha kila kitu kabla ya kukitoa.

Pima pia nafasi. Kopo hushushwa wima, na katika magari haya bomba la chasisi au la ekzosi huweza kulizuia. Ukilihamishia mbali kwa mipira ya kupitisha oili, fuata alama za kuingilia na kutokea, kwa kuwa oili huingia kwa nje ya filta na kutokea katikati; ukigeuza, vali inayozuia oili kurudi inaweza kuziba njia yote.

Kabla ya kuwasha, ninakata umeme wa plagi na kupiga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ipande. Kisha naiacha injini iungurume taratibu, huku nimetandaza karatasi nyeupe chini ya kopo. Nikiona doa, hata dogo, nafungua na kukagua sili upya. Sikazi boliti zaidi, maana hukunja kopo na kuharibu nyuzi za kichwa.