Kuanza kuvua mtoni kwa fimbo: paiki hatuna, fuani tunaye

Ndugu uliyeuliza kutoka Nakuru, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema mwenzako kazini, aliyewahi kuishi Uingereza, alikuonyesha picha za samaki wawili wa mtoni, paiki na babeli, nawe ukatamani. Mwezi ujao unahamia Kisumu na unataka kujua kama uvuvi huo unawezekana kwenye mito ya huku, na uanze kwa kununua nini. Mimi nimevua Nzoia upande wa Siaya tangu darasa la tano, kisha Yala na Sondu nilipopata kazi. Nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Paiki kwanza, tummalize. Huku hayuko. Ni samaki wa Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika Kaskazini, mrefu kama gogo, mdomo bapa kama wa bata, meno makali. Hujibanza kwenye majani ya majini akimngoja samaki mdogo apite, kisha humrukia. Kama kinachokuvuta ni uvuvi wa aina hiyo, wa kurusha chambo cha bandia na kukivuta mpaka samaki mwindaji akikimbize, basi pitia Naivasha kabla hujahama. Ziwa lile lina besi, samaki wa asili ya Marekani aliyepandwa pale mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Utajifunza mkono wa kurusha. Ila viboko ni wengi, kwa hiyo panda mashua ya mwenyeji anayejua wanapolala.

Babeli ndiye aliyenifanya nikae chini niandike, kwa sababu huyo ana ndugu yake hapa kwetu. Wajaluo humwita fuani, na ukilitaja jina hilo kwa mama yeyote anayeuza samaki Kisumu hutahitaji kueleza zaidi. Wa Ulaya na wa kwetu ni wa ukoo mmoja: sharubu nne, mdomo unaotazama chini, taya zisizo na meno (meno yako ndani, kooni), na mwili uliojaa nguvu kwa kuishi kwenye maji yanayokimbia. Fuani hachagui sana chakula. Anakula wadudu, konokono, mimea na hata samaki wadogo. Nyama yake ni tamu ila ina vimiiba vingi vyembamba, kwa hiyo usimpe mtoto mdogo bila kuichambua.

Sasa, kabla ya fimbo na ndoana, jifunze mto. Baba mdogo aliyenifundisha alinikalisha ukingoni asubuhi nzima bila ndoana. Alinipa bua la muhindi, akaniambia nilivunjevunje, nitupe kipande kimoja kimoja, na nimwambie kila kipande kilikokwenda. Nililia kwa hasira. Lakini kufika saa sita nilikuwa nimeona kwamba mto hauendi mbele tu. Kuna mahali kipande kilikimbia, mahali kilizunguka kikarudi kule kilikotoka, na mahali kilipita kwenye mstari mwembamba kati ya maji ya kasi na maji yaliyotulia. Mstari huo ndio anaokaa fuani. Anajipumzisha kwenye maji ya polepole, chakula analetewa na yale ya kasi. Tafuta pia nyuma ya mawe makubwa, chini ya nguzo za daraja, na kwenye kona ambako maji yamechimba ukingo ukawa na kina. Tangu siku ile sijawahi kufika sehemu ngeni nikarusha mshipi kabla ya kutupa mabua.

Vifaa visikutishe. Mwanzi mkavu wa urefu wa mita tatu au nne, mshipi uliofungwa nchani, unatosha kabisa kwa miezi ya kwanza. Ukitaka kununua fimbo yenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), chukua ya mita tatu hivi, isiwe laini mno, na mshipi wa kubeba kilo tano au sita. Ndoana namba 6 inamfaa fuani. Kumbuka kwenye ndoana hizi namba ikipanda ndoana inapungua ukubwa, usije ukarudi na namba 16 ya visamaki vidogo. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, liwe bapa, si la mviringo. La mviringo linabingirika na mkondo hadi linanasa kwenye mizizi, na kila unaponasa unapoteza ndoana, chambo na subira. Acha kama sentimita 40 kati ya chubwi na ndoana ili chambo kicheze chini kama kitu kilichokokotwa na maji.

Kwa chambo, nyungunyungu wa shamba la migomba ndiye mwalimu mzuri. Baada yake ugali mgumu uliokandwa na omena waliosagwa, ufinyangwe mpaka usipasuke ukitupwa. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, okota wengi, wakaushe. Kitu kimoja ambacho watu hawakifanyi huku na kinalipa: chukua machicha ya busaa (pombe ya kienyeji ya nafaka), changanya na udongo wa mfinyanzi, fanya madonge, tupa matatu au manne juu kidogo ya pale utakapovulia, kisha kaa nusu saa bila kurusha. Harufu inashuka na maji, fuani wanapanda kuifuata. Wavuvi wa babeli kule Ulaya nao hutangulia kulisha kabla ya kuvua.

Ukishatupa, inua ncha ya fimbo juu ili mshipi usizame mwingi kwenye mkondo, na usiiache fimbo mkononi pasipo umakini wala kuilaza chini bila kuifunga. Mumi, yaani kambare, huanza kwa kudonoa. Fuani hana adabu hiyo. Fimbo imetulia, ghafla imepinda yote na inakwenda mtoni. Usimkokote kwa nguvu. Mwache akimbie, mgeuze kichwa pole pole kuelekea ukingoni, na ukimrudisha majini loweka mikono kwanza, mshike ameelekea juu ya mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Hupigana mpaka nguvu zimwishie, na ukimtupa tu atapinduka afe.

Hapo nafika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Fuani hupanda mito kutoka ziwani mvua zinapoanza, kwenda kutaga. Ningu naye hufanya hivyo, na zamani ningu ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa mito yetu. Wazee wa kwetu husimulia mto ukigeuka kahawia mwezi wa nne, na vijiji vizima vikitega mitego ya kusuka. Kisha nyavu za kisasa zikapangwa kwenye midomo ya mito, zikiwazuia samaki wenye mayai kabla hawajapanda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na leo yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Nikiwa kidato cha pili nilimshika fuani mkubwa kwenye kivuko, mwezi wa nne, nikamleta nyumbani kwa majivuno. Mama alipompasua, mayai yalijaza bakuli. Baba mdogo alikuwa pale. Hakunikemea, alitazama bakuli tu, akatoka nje. Tangu hapo mvua kubwa za mwezi wa tatu hadi wa tano zikishika, fimbo yangu ya fuani inakaa darini. Kule Uingereza jambo hili ni sheria: mitoni, samaki kama paiki na babeli hawavuliwi kuanzia tarehe 15 Machi hadi 14 Juni. Nakuomba ulifuate hata pale ambapo hakuna wa kukukamata.

Msimu huo ukitaka kuvua, vua mabwawa yenye samaki wa kufugwa. Maji yakishuka na kuanza kuonekana rangi ya chai, rudi mtoni.

Mumi na kamongo (samaki mrefu mwenye mapafu) utakutana nao tu, hasa Nyando pale Ahero na Nzoia ya chini kuanzia Rwambwa kwenda ziwani, ambako maji ni mazito. Mumi hula zaidi usiku, na kila pezi la ubavuni lina mwiba mgumu unaochoma hadi mfupa. Mshike nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya miiba. Kamongo anauma kwelikweli. Hapo ndipo ujuzi wa wavuvi wa paiki unakufaa: wao hufunga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana ili meno yasikate, nawe ufanye vilevile. Na usimtoe kamongo ndoana kwa vidole. Tumia koleo.

Usalama. Sehemu za chini za Nzoia na Yala zina mamba na viboko, kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kukaa ukingoni, na kabla giza halijaingia uwe umeondoka. Usisimame majini bila sababu. Kichocho kipo, hasa maji yaliyotulia karibu na ziwa, na mchana wa jua kali ndio mbaya zaidi. Ukishaloweka miguu mara nyingi, nenda hospitali ukapimwe, dawa ipo. Pia mto unaweza kujaa huku juu yako jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye milima ya Cherang'any. Ukiona majani makavu na povu vinaanza kushuka kwa wingi, kusanya vitu vyako wakati huo huo. Mimi nilichelewa dakika chache tu, nikapoteza fimbo na begi, na nilitoka kwa kushika mizizi.

Kuhusu kibali, pita ofisi ya uvuvi ya kaunti utakayovulia, kisha jitambulishe kwa kamati ya ufuo ya eneo hilo. Salamu hiyo itakufungulia zaidi ya karatasi, maana wao wanajua nyavu zimetegwa wapi na kiboko ameonekana lini.

Ningekuwa wewe, ningeanzia Sondu, juu kidogo ya daraja la sokoni, mwezi wa saba au wa nane. Kuna mawe, maji yanasomeka. Fika saa kumi na mbili asubuhi, beba mabua ya muhindi kwanza, nyungunyungu kwenye kopo lenye udongo, na uniandikie hapa vipande vyako vilizunguka wapi.