Kwa nini sisi wa Katumba tukikutana Burundi tunaongea Kiswahili

Mleta mada anashangaa Warundi waliorudi kutoka Tanzania: Kirundi wanakijua, lakini wakikutana Rumonge ni Kiswahili kitupu. Wachangiaji wawili wameshajibu kwamba ni maringo. Mimi ni mmoja wa hao, ngoja nieleze.

Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972. Sisi tukazaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, Tanzania. Nyumbani ilikuwa Kirundi: mama akikugombeza, Kirundi, wazee wakikaa jioni kusimulia michikichi waliyoiacha kando ya Ziwa Tanganyika, Kirundi. Ukivuka ua tu, Kiswahili. Mchakamchaka asubuhi na mapema, paredi, kiranja wa zamu, fimbo za wachelewaji, Maarifa ya Jamii, mpira wa makaratasi. Kwa hiyo Burundi tuliirithi kwa Kirundi, ila utoto wetu wenyewe tuliuishi kwa Kiswahili.

Mwaka 2008 familia zikaanza kupanda treni kurudi. Wengi zaidi walibaki: watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, ingawa vyeti vyenyewe vilikuja kugawiwa kuanzia 2014. Darasa letu likakatika hapohapo. Mlioketi dawati moja, mmoja kawa Mtanzania, mwingine yuko huku. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nikafika nikakuta masomo ni Kifaransa, na Kirundi changu cha jikoni kinachekwa: kuamkia wazee na kuomba chumvi naweza, kesi ya shamba siwezi.

Sasa tukikutana huwa tunaanza na Kirundi, kwa adabu kabisa. Wazee hawajambo, mgogoro wa ardhi umefikia wapi, nani kafiwa. Halafu mtu anataja bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, basi, imetoka hiyo, ni Kiswahili.

Kuna mwenzangu yuko Nyanza-Lac, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini. Mwambie "Namba!", ile amri ya kuhesabiana paredi, uone atakavyosimama wima na kupiga kelele "Moja!" mbele ya mkewe. Huyo mkewe hakuwahi kuishi Tanzania. Siku moja nikamsimulia kwa Kirundi jinsi mwalimu mmoja alivyokuwa akituchukua Jumamosi kumfungia tumbaku, usiku tunalala banini kuchochea moto. Mama wa watu akanyamaza, akatupa pole, akasema kumbe mliteswa hivyo. Wala hakukosea, kazi ya watoto ile. Lakini mumewe akaidaka hadithi kwa Kiswahili: tulivyochoma mahindi ya mwalimu kwenye moto wa mwalimu, magunzi tukayazika, mbwa wake akaja kuyafukua mbele yake. Tulicheka hadi machozi. Kwa Kirundi tulikuwa wakimbizi, kwa Kiswahili watoto watundu.

Kundi letu la WhatsApp lina watu wa Mpanda, Dar na huku. Wa Dar wanatuzidi kwa maneno ya mjini, sisi tumebaki na yale ya enzi zetu, wanatutania. Ila ukitokea msiba, hata wao wanaandika Kirundi, na hakuna aliyewaagiza.

Hao wanaosema maringo waje siku tunabishana nani alivunja kioo cha ofisi ya mwalimu mkuu. Kesi haijaisha hadi leo, na mshukiwa namba moja ndiye admini.