Ukipotea Alfama, teremka

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mamako kwa sauti, akacheka. Umepata siku tatu za mapumziko, unakwenda Lisbon, umeshachora jedwali la saa kwa saa, halafu ndiyo unaniuliza: "Baba, wewe ulizungukaje kule bila mpango na usipotee?"

Nilipotea. Tena nilipotea vizuri sana.

Usidhani nilikwenda nikiwa mjanja. Tulikuwa kundi la watu wa makumbusho, semina ya siku nne, kila dakika ina mwenyewe. Siku ya tatu mwenyeji wetu akaamka na homa, basi la kutuchukua halikuja, na saa tatu asubuhi nikajikuta nimesimama uwanja wa Rossio, ramani nimeisahau hotelini. Fikiria: mtu aliyewazungusha wageni Ngome ya Yesu, Mombasa, miaka ishirini na sita akiwahimiza "twendeni, twendeni", leo hana wa kumhimiza. Sakafu ya uwanja ule ni mawe meusi na meupe yaliyopangwa kwa mawimbi. Ukiyatazama sana unahisi uko chomboni.

Basi nikafuata miguu. Kwenye kona moja fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda akitengeneza njia ya waendao kwa miguu. Anashika jiwe la chokaa kiganjani, analigonga kwa nyundo mara mbili, analigeuza, analigonga tena, kisha analichomeka mchangani kando ya wenzake. Likikataa kukaa, analitoa analichonga upya. Rula hana, jicho tu. Nilisimama pale karibu nusu saa. Nusu saa hiyo wewe kwenye jedwali lako umelitengea kanisa kuu zima!

Sasa sikiliza jambo litakalokusaidia. Mji ule una sehemu mbili zisizofanana. Bondeni ni Baixa, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda mtoni, moto ukala kilichobaki. Mtaa ukajengwa upya kwa kamba na vipimo. Hapo hata ukitaka kupotea huwezi, na ndiyo maana sikukaa. Mtaa wa Alfama, ulio kwenye mlima wenye mwamba, ulinusurika kwa sehemu kubwa. Vichochoro vyake ni vilevile, vinapinda, vinapanda ngazi, vinakufikisha mlangoni kwa mtu anayemenya viazi. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, maana Waislamu waliutawala mji mpaka 1147. Mimi niliyekulia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nilijiona nyumbani: kivuli kile kile, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na jirani akikohoa unamsikia.

Na kupotea Alfama hakuna hatari, kwa sababu mlima wote unainamia mtoni. Ukichoka kuzunguka, teremka. Kila kichochoro kinachoshuka kitakufikisha mto Tejo mwishowe. Mimi niliteremka mara tatu nikapanda tena mara tatu kwa kupenda tu.

Soma na vibao vya mitaani. Nilipoona imeandikwa "igreja", yaani kanisa kwa Kireno, nilicheka peke yangu, kwani wataalamu wa lugha wanasema ndiko tulikolitoa neno letu gereza. Mlangoni mwa mgahawa wameandika "mesa", dukani "lenço". Meza na leso! Wareno wale walikuja kwetu na mizinga, wakaondoka wametuachia maneno ya nyumbani.

Jioni nilikaa karibu na kanisa la São Domingos, hatua chache kutoka Rossio, mahali ambapo Waafrika hukutana kuzungumza. Mzee mmoja alikuwa akiongea kwa simu na nikashtuka kwamba nusu ya maneno nayaelewa. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ibo, Msumbiji, na lugha yake ni Kimwani. Tukazungumza mpaka taa zikawaka, yeye kwa Kimwani, mimi kwa Kiswahili, tukikwama tunatumia mikono. Hilo ungeliandika saa ngapi?

Sikwambii uchane jedwali. Mtaa wa Belém uache ubaki humo, ndiko iliko monasteri ya Jerónimos. Ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama, yule baharia Mreno aliyeshindwana na Mombasa Aprili 1498 akakimbilia Malindi. Nililitazama kaburi lake siku ya nne, na kusema kweli fundi wa mawe alinikaa moyoni zaidi. Siku yako ya pili ni Jumamosi, si ndiyo? Ifute yote. Anzia gulio la Feira da Ladra asubuhi, kisha ufuate miguu. Na tramu namba 28 ipande ukiwa na mkoba kifuani. Mimi nilishuka bila pochi, na hadi leo sijui ni nani kati ya wale niliobanana nao aliyekuwa mchangamfu kupita kiasi.

Mamako anauliza utavaa viatu gani. Anauliza kwa sababu mawe yale mazuri yakinyeshewa huteleza kama sabuni. Mimi nilianguka mbele ya kina mama watatu waliokuwa wamekaa kizingitini. Walicheka kwanza, ndipo wakaniinua.

Baba yako